Wiketi ya Nne ya Mageni

Mageni hajawahi kufukuzwa kazi. Zote aliziacha mwenyewe, nyingine kabla tajiri hajalijua jina lake. Alichunga ng'ombe wa watu pale Tinde mpaka siku alipogundua kwamba ng'ombe hutembea polepole. Akaenda Mwakitolyo kwenye machimbo, akavuta winchi miezi mitatu. Wenzake wako chini ya duara, yaani shimo la dhahabu, wanapasua mwamba, yeye juu anazunguka shimo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akahamia Segese, kwenye karasha la kusaga mawe, akadumu wiki mbili. Mama yake, Generosa, ambaye stendi nzima ya Tinde inamfahamu kwa wali maharage wake, alishaacha kuuliza mwanawe yuko wapi. Aliuliza tu anaelekea wapi.

Kitu kimoja tu hakukiacha. Alipokuwa darasa la sita, Mwalimu Benjamini aliitwa semina ya michezo Mwanza. Mwalimu alikwenda akitegemea netiboli na posho. Hakukuta netiboli wala posho. Alirudi na begi lenye mbao mbili, vijiti sita na mipira migumu kama ahadi ya mgombea, akaambiwa hiyo inaitwa kriketi. Mwalimu ni mtumishi wa serikali, akikabidhiwa kitu anakifundisha.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mmoja anakuja mbio na kurusha mpira bila kukunja kiwiko. Mwingine anasimama na ubao mbele ya vijiti vitatu, anavilinda kama mwenye nyumba anavyolinda mita ya umeme. Mrushaji akiviangusha, amepata wiketi, na mwenye ubao anatoka. Mageni alisikia neno moja tu, mbio. Hatua ishirini na tatu, kasi yote, na hakuna anayekuuliza unakimbilia nini. Toka siku hiyo, kazi zikaja na kupita, lakini kila Jumamosi alikuwa kwenye uwanja wa shule akirusha.

Alipofika miaka ishirini na mbili, klabu moja ya Dar es Salaam ilimwona kwenye mashindano Mwanza ikampa mkataba wa nusu msimu. Tinde ikapata mchezaji wake wa kwanza wa kulipwa, na haikujua analipwa kwa kufanya nini. Wengine walidhani kriketi ni madini.

Dar ndiko Mageni alikoijua siri ambayo hakuna klabu inayomwambia mtu kabla hajasaini: kriketi ni kazi ya kusimama. Unarusha mipira sita, halafu unawekwa pembeni saa nzima kulinda nyasi ambazo hakuna mwizi anayezitaka. Kuna mapumziko ya chakula. Kuna mapumziko ya chai! Wanaume wazima, suruali nyeupe, wanasimamisha vita wanywe chai. Miguu ya Mageni ikawasha. Zamu yake ikifika anarusha kwa pupa, mpira unawaendea mashabiki, ambao kwa bahati nzuri huwa wanne. Mechi sita, wiketi mbili.

Ndipo klabu ikafanya ziara ya mikoani kuutangaza mchezo, na Jumapili moja ikafika Tinde kucheza na kombaini ya walimu na wafanyabiashara wa Shinyanga. Siku hiyo hiyo mkataba wa Mageni ulikuwa unakwisha. Kocha Charles, mtu anayeongea kama anatafuna kokoto, alimvuta pembeni ya basi.

"Nataka wiketi nne leo."

"Nne, kocha?"

"Nne. Ukipata tatu, msalimie mama, sisi tunaondoka."

Mama mwenyewe alikuwa ameshafika na hotpoti zake, anauza wali nje ya mstari wa chokaa. Mwamuzi alikuwa Mwalimu Benjamini, koti jeupe la maabara ya shule mwilini, doa la wino mfukoni.

Kombaini ilipoanza kupiga, Mageni alikuja mbio. Mpira wake wa tatu ulimgonga mguuni Luka, muuza pampu za maji, aliyekuwa amesimama sawasawa mbele ya vijiti vyake. Hiyo nayo ni wiketi, kwa kuwa mguu umezuia mpira uliokuwa unakwenda kuviangusha. Lakini hapa pana sheria ya ajabu. Mwamuzi hata akiona kwa macho yake mawili, hasemi kitu mpaka aulizwe. Na kwa desturi ya wachezaji, kuulizwa kwenyewe ni timu nzima kuinua mikono, kumnyooshea kidole mwenye ubao, na kupiga ukelele kama wamemwaga maji ya moto.

Wakapiga. Wanaume kumi na mmoja, mapafu ya Dar.

Sasa, Usukumani ukelele wa namna hiyo una mwenyewe. Unaitwa mwano, na maana yake ni moja tu: mwizi. Anayeusikia asipotoka na fimbo, anatengwa. Hasalimiwi, haombwi moto, hauziwi chumvi. Kwa hiyo kabla Mwalimu hajainua kidole, filimbi zilijibu kutoka pande nne, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaingia uwanjani, watu kama arobaini, fimbo, mishale, na mmoja amekuja na jembe kwa sababu ndilo lililokuwa mkononi. Mbele yao Kamanda Bujiku, kaptura na koti la mvua.

"Yuko wapi?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Watu kumi na mmoja walikuwa wamemnyooshea kidole mtu mmoja, na mtu huyo ameshika ubao. Luka alilazwa chini, kofia yake ya chuma ikavuliwa ili aonekane sura.

"Mimi nauza pampu!" akalia Luka.

"Umeziiba wapi?"

Mwalimu Benjamini akaja anakimbia, koti linapepea. Alieleza kriketi kwa Kiswahili, akaieleza upya kwa Kisukuma, na mara zote mbili Kamanda alimsikiliza kwa huruma. Mwishowe Luka akainuliwa, akapanguswa mavumbi.

"Pole sana," Mwalimu akamwambia. "Lakini umetoka."

Kamanda Bujiku hakuondoka hivi hivi. Alisimama katikati ya uwanja, kwenye sehemu ambayo hata nahodha haruhusiwi kuikanyaga na viatu vyake.

"Mwano si wa kuchezea. Kuanzia sasa, ukipigwa bila mwizi, nyumba ya aliyeupiga inatengwa." Akawatazama wale vijana wa Dar. "Ninyi hamna nyumba hapa. Mwenye nyumba ni huyu." Fimbo ikamwelekea Mageni. "Basi yeyote atakayepiga, ni nyumba ya mama wa huyu."

Kule kwenye hotpoti, Generosa alishusha upawa. Mama lishe aliyetengwa ni nani? Ni mtu mwenye sufuria kubwa na njaa.

Mechi ikaendelea kimya kama mtihani wa taifa. Sungusungu wakakaa chini pembeni, fimbo magotini, wakisubiri mtu akohoe. Mageni akarusha akaviangusha vijiti vya mwalimu wa hesabu. Vijiti vikianguka, hakuna cha kuuliza. Akaviangusha na vya fundi baiskeli. Tatu. Wengine wakatolewa na warushaji wenzake, mpaka akabaki mtu mmoja, Davis, mnunuzi wa dhahabu kutoka Segese, mwenye tumbo pana kuliko vijiti vyote vitatu. Uliobaki ulikuwa mpira mmoja wa mwisho.

Mageni alizunguka pale anapoanzia mara tatu, akajifuta mikono hadi suruali ikawa nyekundu kwa rangi ya mpira. Kisha hatua ishirini na tatu. Mpira ukadunda, ukaingia ndani, ukamgonga Davis kwenye ugoko, katikati kabisa. Uwanja mzima ulisikia.

Hakuna aliyefungua mdomo.

Davis akatazama juu kama anayekagua mvua. Mwalimu Benjamini akatazama viatu vyake. Kocha Charles, pembeni, alikuwa anauma kofia.

"Uliza!" akafoka chini chini. "Uliza, mpumbavu wewe, atatuponyoka!"

Ukelele ulimfika Mageni kooni, mikono ikanyanyuka hadi mabegani. Filimbi ya Kamanda nayo ikafika mdomoni. Mageni akamtazama mama yake, akashusha mikono. Akavua kofia. Akatembea, taratibu, mpaka kwa mwamuzi, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mageni. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani hawajambo?"

"Wazima. Mwanangu Paskalina alikuwa na malaria, sasa anakula."

"Tunashukuru Mungu." Mageni akahamishia kofia mkono wa pili. "Samahani, Mwalimu, nilikuwa nauliza. Yule mzee pale… ametoka?"

Mwalimu Benjamini akamtazama Davis, akavitazama vijiti.

"Ametoka," akasema, na kidole kikapanda juu.

Davis akatupa ubao. "Kuuliza gani huko? Hayo ni maongezi! Ni umbea!"

Kocha Charles alikuwa ameshafika na kitabu cha sheria, kidole kwenye mstari wenyewe. Sheria ilisema aulizwe. Haikusema aulizwe kwa sauti gani. Davis akageuka kwa Kamanda Bujiku, pengine kwa vile ndiye aliyekuwa na mishale.

"Kijana amemsalimu mkubwa wake," Kamanda akasema, "akamuuliza, akajibiwa. Wewe unabisha nini? Toka."

Davis akatoka.

Mkataba ulisainiwa juu ya mfuniko wa hotpoti, karatasi ikapata doa la maharage. Nusu msimu nyingine.

"Nusu?" Generosa akauliza. "Ile nusu ya pili mnampa nani?"

"Tutaona, mama."

"Na nyie kazi yenu ni kuona tu."

Charles akamgeukia Mageni, ambaye alikuwa ameshaweka begi begani. "Lakini tukifika Dar unapiga ukelele kama wenzako. Sitaki mambo ya shikamoo kila mpira, mechi zitaisha Krismasi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, kocha," akasema Mageni. "Kule sina nyumba."