Baraka Iliyoombewa Nyumba ya Heche

Veronika Nyangwine, mjane wa Daudi Heche wa Nyamisangura, hajapokea Komunyo kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakukosa Misa ya Jumapili ila alipougua malaria mara mbili. Hukaa benchi la tatu upande wa wanawake, amejifunika shela nyeupe ambayo siku hizi haivaliwi na mwingine yeyote. Wenzake wanapopanga mstari kwenda altareni, yeye husogeza magoti pembeni wapite.

Sala zake alizipata utotoni, padre alipokuwa bado anasoma Misa kwa Kilatini akiwapa watu mgongo. Katekista wa enzi hizo aliwakaririsha neno kwa neno na kuwaeleza maana, na aliyekosea alibaki kufagia kanisa. Kwa hiyo mambo mapya hayapendi: Hostia kuwekwa mkononi kama karanga, gitaa, makofi baada ya mahubiri. “Mungu si mwenzako wa darasani,” huwaambia wajukuu.

Lililomtenga na meza ya Bwana si uhuni. Daudi alikufa akaacha mabinti watano na hakuna wa kiume. Arobaini haijaisha, ndugu zake walikwisha kupima shamba kwa hatua wakigawana kwa macho. Wazee wa ukoo wakamwonyesha Veronika njia iliyo halali kwa Wakurya, nyumba ntobhu: atoe ng'ombe walioingia kwa mahari ya mabinti, aoe msichana kwa ajili ya mji wake. Ndivyo Gati alivyokuja kutoka Machochwe.

Na hili lisemwe wazi, maana wageni husikia wanavyotaka. Gati hakuja kulala na mwanamke. Alikuja kama mkamwana, mke wa mwana ambaye Veronika hakujaliwa kumzaa. Alizaa na mwanamume aliyemchagua mwenyewe, watoto wakaitwa Heche, na shamba likabaki shamba la Daudi.

Paroko wa wakati ule alisema, nyumba hiyo ikiwa imesimama, meza imefungwa. Veronika alitii. Walokole walimwita mara nyingi, wakamwahidi na kiti cha mbele. Hakwenda.

Ila mwaka jana miguu ilianza kuvimba, na daktari akamwambia moyo umechoka. Tangu hapo jambo moja ndilo linalomkosesha raha. Aliyetengwa na sakramenti hasomewi Misa ya maziko. Katekista huja kaburini, anasoma kidogo, anafunga kitabu. Veronika alitaka apokee japo mara moja, kisha jeneza lake liingizwe kanisani kama la Mkristo.

Mwanzoni mwa Januari 2024 alipeleka sare ya mjukuu kwa Sadock, fundi cherehani wa karibu na soko. Redio ilikuwa inasoma habari za Kanisa.

“Mama, umesikia?” Sadock alisema huku anakanyaga cherehani. “Roma wameruhusu wanawake wawili wanaokaa nyumba moja wabarikiwe. Wamechelewa hao. Sisi Wakurya tulianza zamani.”

Vijana waliokuwa wanacheza karata wakacheka. Veronika hakucheka.

“Wabarikiwe na nani?”

“Na padre. Siyo ndoa, Mama, baraka tu. Ya kwako wewe na Gati.”

Sadock alikuwa anatania, lakini mzaha huo waliouelewa ni yeye na wale vijana. Veronika alirudi nyumbani polepole, akakaa kitandani bila kuvua kanga ya mabegani. Miaka sitini alinung'unikia kila kipya kilichotoka Roma, na sasa katika hivyo vipya kimoja kilikuwa kimekuja kwa ajili yake. Aliona aibu kwa manung'uniko yake. Akasali rozari nzima ya kuomba msamaha, kisha akamwita Gati.

“Piga pasi kitenge chako kizuri. Kesho tunakwenda kwa Padre.”

Padre Odongo, kijana wa Rorya, aliwakaribisha ofisini. Pembeni, katekista Filemoni alikuwa ananakili majina ya ubatizo.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele, amina. Karibu Mama. Kuna mgonjwa?”

“Hapana, Padre. Tumekuja kwa ile baraka iliyotoka Roma. Mimi na Gati.”

Kalamu ya Filemoni ilisimama. Padre Odongo alimtazama Veronika, akatazama ile shela, akaelewa.

“Mama, nani amekuambia?”

“Redio.”

“Waraka ule,” Padre alisema taratibu, “unawahusu watu wengine. Mwanamke na mwanamke, au mwanamume na mwanamume, wanaoishi kama mume na mke.”

“Kitanda kimoja?”

“Ndiyo, Mama.”

Gati aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

“Mimi si hao, Padre.”

“Najua.”

“Basi nibariki kwa kuwa mimi si hao.”

“Maaskofu wetu wamekataa baraka hizo. Nikiwabariki ninyi wawili leo, nje watasema Padre Odongo ameanza. Hakuna atakayeuliza nyumba ntobhu ni nini.”

“Na Komunyo?”

“Ukitaka Komunyo, Gati afunge ndoa kanisani na baba wa watoto wake. Au arudi kwao.”

“Akiolewa na mwanamume huyo, watoto ni wa nani?”

Padre Odongo ni Mjaluo. Hakuhitaji kuelezwa mtoto asiye na ukoo ni kitu gani. “Hapo ndipo ninaposhindwa, Mama,” alisema. Aliinua mkono kama anayetaka kumwekea kichwani. Akamwona Filemoni. Akaurudisha mezani.

Kufikia Jumatano habari ilikuwa imefika sokoni, imenona: mjane wa Heche amekwenda parokiani kuomba afungishwe ndoa na mkewe. Watu waliokula ugali kwa Daudi, watu waliomjua Gati tangu anakuja, walilisema bila haya, na ndugu za Daudi wakalisema kuliko wote.

Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba yake kupokea sala ya jumuiya. Alitandika mikeka, Gati akachemsha chai. Alikuja mtu mmoja, Teresia, mwenyekiti, naye hakuvuka kizingiti.

“Shikamoo Mama. Nimepita kukuambia wiki hii tunasali kwa Vivian.”

“Marahaba. Na wiki ijayo?”

Teresia alitazama viatu vyake. “Tutaona, Mama.”

Chai ilinywewa na wajukuu. Gati aliikunja mikeka, kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

“Mama, mimi niende Machochwe. Nikiondoka, watakufungulia meza.”

“Na watoto?”

“Wabaki kwako.”

“Nikifa mwezi ujao, wabaki kwa nani? Kwa wale waliokuwa wanapima shamba?” Veronika alimshika mkono. “Nyanyuka. Nimekutoa kwenu nikiwa na akili zangu. Siwezi kukurudisha kama sufuria ya kuazima ili mimi nishibe.”

Jumapili walikwenda Misa pamoja. Benchi la tatu lilikuwa tupu. Wanawake walikuwa wamejibana nyuma. Wakati wa Komunyo mama mmoja alipita karibu, akakusanya kanga yake isimguse Gati.

Veronika aliona. Akapiga kifua na kusema kwa sauti ndogo, Domine, non sum dignus. Ee Bwana, sistahili. Siku hizi kanisa zima husema mara moja na kuinuka. Yeye alisema mara tatu, kama alivyofundishwa, akasogeza magoti pembeni, ingawa kwenye benchi hapakuwa na mtu wa kupita.