Usizime Kabla ya Amina

Jumamosi, katikati ya mwezi wa sita. Asubuhi ukungu ulilalia kabichi hata mwisho wa tuta hauonekani. Saa nne ukanyanyuka, likatoka jua la uongo, lisilopasha mtu. Sasa ni alasiri, baridi imerudi, nami nimesogea jikoni karibu na moto.

Mwanangu Rehema, asubuhi uliponiamkia kabla ya kuteremka na gari Mombo uliniuliza, "Baba mdogo, tabo ya gari la babu imechoka. Nikipata kubwa kuliko hii, nifunge?" Nikakujibu "tutaona," jibu la wazee wasio na jibu. Shambani nimeshinda na swali hilo la tabo, hicho chombo cha kuipa injini pumzi. Mimi niliishia la saba, na katika magari kazi yangu ilikuwa kusukuma na kushika tochi, kwa hiyo siwezi kukujibu kama fundi. Lakini kuna siku moja ninayoikumbuka mpaka harufu yake, nitakusimulia hiyo. Nikikosea mahali, baba yako yuko hai huko Tanga, mpigie anisahihishe. Ila nadhani hii hajawahi kukusimulia. Ina mahali panapomtia haya.

Gari hilo lilikuwa la meneja wa shamba la chai, upande wa Mgwashi. Marehemu babu yako alikuwa dereva wake, na meneja alipoondoka nchini alimwachia. Gari la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu ya kuanikia mahindi, injini ya pistoni nane. Kwenye tambarare ya Mombo lilikuwa simba. Likianza kupanda huku kwetu linakuwa mgonjwa wa pumu.

Baba yako, kaka Yona, alinieleza sababu, nami naieleza kama nilivyoielewa. Huku juu hewa ni nyepesi, na kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli ileile ya bondeni, basi moshi mweusi, plagi zinalowa. Tena kwenye kona kali kabla ya Soni petroli inayumba ndani yake kama maji ya ndoo ya kichwani, injini inakohoa, inazimika. Nisiionee kabureta. Ilitengenezwa kwa nchi za tambarare, na huko ilifanya kazi yake vizuri. Hata mtu mwema, ukimpeleka pasipo pake, ataonekana mjinga.

Babu yako alikuwa na mtani wake Mombo, Mzigua mmoja jina lake Mhando, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kila gari lilipozimika njiani, habari zilimfikia kabla hatujamaliza kulisukuma.

"Msambaa," alikuwa akisema, "nipe hilo jeneza nilikate. Nitakubakizia kiti kimoja ukakalie jikoni."

"Kata kwanza ulimi wako, Mzigua. Huo nao ni chuma chakavu."

Walikuwa wakicheka. Lakini siku moja babu yako alisukumwa na wanafunzi kuanzia Soni, mzee mzima ameshika usukani na watoto wanaimba nyuma, na jioni hakucheka. Akatamka mbele yetu sote: gari likishindwa kupanda kwa nguvu zake kutoka Mombo hadi nyumbani, Mhando alichukue. Baba akitamka neno hakuna wa kulifuta. Yona akapiga magoti akaomba jambo moja tu, aachiwe injini mpaka viazi vivunwe. Akakubaliwa.

Hapo ndipo nilipomjua kaka yangu. Nilikuwa namwona kijana wa kuchafua mashati tu.

Kibanda cha mbuzi ndicho kilichokuwa gereji yake. Aliing'oa kabureta akaifunga kwenye gunia kwa adabu, akaiweka juu ya dari. Akatoboa matundu manane kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, akachomelea vikombe vya kukalia nozeli, kila pistoni na nozeli yake ya kupulizia petroli. Kompyuta ya kuziongoza, ndogo kama kitabu cha nyimbo, aliipata kwa watu wa mbio za magari Arusha. Hiyo ndiyo inayopima hewa na kuamua petroli kiasi gani, bondeni kivyake na mlimani kivyake. Kabla ya kuzifunga nozeli alizipanga ukutani, chini ya kila moja chupa ya soda, akaziruhusu zipulize kwa pamoja. Chupa moja ikabaki nyuma ya wenzake kwa kina cha ukucha. Mimi nikasema kaka, hiyo ni sawa tu.

"Sawa kwa nani?" akaniuliza. "Hiyo pistoni itakayonyimwa ndiyo itakayoungua."

Akaisafisha, akarudia, akarudia tena. Bibi yako akalalamika kwamba hata uji unanuka petroli. Nadhani ulinuka kweli.

Halafu tabo, aliyoitoa kwenye lori lililokufa. Wewe unaijua kuliko mimi: feni mbili kwenye mhimili mmoja, moshi unaotoka unaizungusha moja, nayo nyingine inasukuma hewa ndani ya injini. Ile hewa tuliyonyimwa na mlima inarudishwa kwa moshi wetu wenyewe. Nilipoelewa hilo nilikaa chini nikamtazama kaka yangu kama mgeni. Lakini mara ya kwanza bomba la kurudisha oili alililaza, gari likafuka moshi wa bluu kijiji kizima kikakohoa. Hakulaumu chombo. Akalala chini ya gari, akatoka, akasema, "Nimesahau kwamba oili haipandi mlima. Lazima iteremke." Akatoboa upya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, chini zaidi. Fundi wa kweli, mwanangu, anajicheka kabla hujamcheka.

Viazi vikavunwa. Gari likanguruma. Lakini lilibaki jambo moja, nalo halikuwa la spana.

Unajua madereva wa zamani wa huku. Nyumba yetu iko ng'ambo ya mwinuko wa Magamba. Ukipanda ukafika kileleni, unazima injini, unaserereka kimya mpaka mlangoni, petroli imebaki. Babu yako alifanya hivyo maisha yake yote, na alijivunia, na kwa gari la kabureta sioni kosa lake kubwa, ingawa injini ikizimwa breki huwa nzito. Tabo lakini haikubali. Imetoka kupanda, ni nyekundu kwa moto, inazunguka, na kinachoipoza ni oili inayosukumwa na injini. Ukizima ghafla, oili inasimama, inaungulia ndani, inakuwa masizi. Yona alijua kwamba mkono ule ukizungusha ufunguo pale juu, hata siku ya kwanza, kazi yake itaanza kufa siku hiyohiyo. Na babu yako alikwishasema, "Nitaendesha mwenyewe."

Yona alijaribu kumwambia. Nilikuwepo. "Baba, ukifika juu, ungeliacha kidogo lingurume..." Babu akainua kiganja. "Nimeendesha gari kabla hujazaliwa." Yakaisha. Kwetu humfundishi baba yako kushika usukani, na ukirudia unaonekana umekosa malezi.

Siku yenyewe tukateremka Mombo, jua la kule likatuchoma kama wageni. Babu kwenye usukani na koti lake la kanisani. Yona mbele kando yake. Mimi nyuma na Mhando, aliyepanda na msumeno wa chuma mapajani, umefungwa utepe kama zawadi.

"Nimekuja na dawa ya mgonjwa," akasema.

"Kaa vizuri," babu akamjibu, "usije ukajikata ukasingizia gari."

Tukaondoka. Mwanangu, sijui niandikeje. Zile kona tulizozijua kwa mabega yetu, gari lilizipita kama linazisoma. Halikukohoa. Moshi mweusi haukuwepo. Palipokuwa na mlima mkali ikasikika sauti nyembamba ya tabo, kama mluzi wa mchunga ng'ombe aliye mbali, na mgongo wangu ukasukumwa kwenye kiti. Soni tukapita, na wale wanafunzi walikuwa barabarani wamejiandaa kusukuma, wakabaki na mikono hewani. Niliona sikio la babu yako, lilikuwa linacheka. Lushoto tukapita. Mhando akaanza kuufungua utepe wa msumeno, halafu akaufunga tena.

Tukaukabili mwinuko wa Magamba. Yona hakuwa anafurahi. Alikuwa anautazama mkono wa baba yake. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Tukafika kileleni. Babu akapunguza mwendo, akasimama pembeni kuuonja ushindi wake, na mkono ukaondoka kwenye usukani ukaenda kwenye ufunguo.

"Baba," Yona akasema. "Tushukuru kwanza. Kabla hujazima."

Sasa elewa kwamba babu yako alikuwa mzee wa usharika, na sala zake zilijulikana kwa urefu. Bibi yako alikuwa anafunika sufuria kabla babu hajafumba macho. Mkono ukarudi. Akavua kofia, akaiweka juu ya dashibodi, akaanza, na injini inanguruma chini ya maneno yake. Akashukuru kwa mlima. Akamwombea yule meneja popote alipo. Akaombea viazi, mvua, wanafunzi wa Soni. Akamwombea na Mzigua, "ambaye leo anarudi kwake mikono mitupu, umpe moyo wa kuvumilia." Mhando, Mwislamu, alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima. Akaninong'oneza, "Mwambie mzee petroli inaisha." Kisha amina ilipofika akaitikia kwa sauti kutushinda wote.

Babu akavaa kofia. Hakugusa ufunguo.

"Yona. Wakati wa sala macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwenye geji ya joto, baba."

"Kwa nini?"

Yona akamweleza yote, ya oili na ya masizi. Babu akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Ulisema umeendesha gari kabla sijazaliwa."

Niliogopa. Hata Mhando aliangalia nje. Babu yako akautazama ukungu unaopanda kutoka msituni.

"Ni kweli nilisema," akajibu. "Hilo ni langu, nalibeba. Lako ni hili: Mungu si spana. Usimtumie kufungua nati iliyokushinda kwa mdomo wako. Mzee akikukatalia mara ya kwanza, rudi mara ya pili. Akikufukuza, rudi na chai."

Yona akasema, "Nisamehe, baba."

"Imepoa?"

"Imepoa."

Lakini babu hakuzima. Aliteremka na injini inanguruma mpaka mlangoni, na bibi yako akatoka mbio na mwiko mkononi, maana kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia gari la mumewe likirudi nyumbani. Mhando akautundika msumeno wake kwenye kibanda cha mbuzi, akasema sisi Wasambaa tunashinda kwa kuwachosha watu kwa maombi. Msumeno ule ndio unaokatia mabomba mpaka leo.

Tangu siku hiyo babu yako kila alipofika pale juu alisimama, akavua kofia, akasali, injini ikinguruma. Abiria walimsifu kwa uchaji. Ilikuwa sala au ilikuwa tabo? Nimejiuliza mara nyingi. Naona si haki kumgawa mtu vipande. Nadhani yote mawili yalikuwa ya kweli, ila sala aliifupisha kidogo.

Sasa swali lako. Baba yako angeweza kuongeza upepo zaidi ya ule. Nilimsikia akishawishiwa na vijana wa mjini. Aliwaambia, "Injini hii ni mzee. Nimempa pumzi, sijampa ujana." Basi mwanangu, kabla ya kufunga tabo kubwa, jiulize gari linakosa nini. Kama linakosa pumzi, lipe. Kama ni wewe unayetaka kusikika Lushoto nzima, hilo ni deni la kwako, usimtwishe mzee wa pistoni nane. Ukibadilisha chombo, badilisha na mkono unaokishika, maana kilichowaua mafundi wengi si kazi mbaya, ni mazoea mazuri ya jana. Na ukishapanda, popote ulipopanda, katika kazi, katika ndoa, usizime ghafla. Kaa kidogo na moto wako mpaka upoe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa, nami sikatai. Lakini naye mkuu asiyeambiwa huvunjika lake. Kwa hiyo nikikukatalia jambo unalolijua kuliko mimi, usinizunguke. Chai napenda yenye tangawizi.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio zito kwa masifu. Akupandishe bila kukohoa, akushushe ukiwa mzima, na ukifika juu akukutanishe na mtu wa kumshukuru.

Namalizia usiku. Giza lilipoanza kuingia mama yako mdogo aliweka chakula: bada ya muhogo, kunde, na viazi vilivyobaki mchana. Tulikusikia ukifika. Gari likasimama nje ya mlango, nawe hukutoka. Injini ikawa inanguruma taratibu, na mama yako mdogo akataka kukuita, nikamwambia amwache mtoto, afunike sufuria. Tulipokula bada ilikuwa imepoa kidogo. Ilikuwa tamu.