Nukta Iliyogoma Njiani

Pale kiwandani wanapochapa vitabu vya shule walimwita Wino, maana kucha zake hazikuwahi kutakata tangu aajiriwe. Alikuwa mtu wa mzaha, kifua kipana, na hakuna aliyedhani kwamba moyo ungeweza kumwangusha. Ulimwangusha mchana kweupe, kando ya mashine ya kukatia karatasi. Aliporudi kutoka hospitali, nyumba nzima ilimshika kama yai bichi. Akiinua ndoo, mkewe kampokonya. Akikohoa, mkewe huyo mlangoni.

Daktari yeye alisema jambo jingine. "Baiskeli ni dawa, mzee. Endesha, ila usishindane na mtu."

Ndipo binti yao, mfamasia, alipomletea kompyuta ya baiskeli, kidude cheusi cha kuenea kiganjani, cha kufunga kwenye usukani. Kilimwonyesha ramani na mwendo wake, na kwa mkanda aliouvaa kifuani kilisoma mapigo ya moyo, kikalia yakizidi. Tena kilikuwa na laini yake ya simu ndani, hivyo mkewe, mwalimu wa chekechea, aliweza kumfuatilia kwenye simu yake: nukta ya buluu ikitambaa barabarani, na mapigo yake pembeni.

"Yaani umenifunga kengele kama mbuzi," Wino alilalamika.

"Mbuzi hupotea, Baba," binti akamjibu. "Kengele haijawahi kumuumiza."

Alilalamika kwa mdomo tu. Asubuhi kidude kilimpitisha njia za nyuma, kwenye maghala na uwanja wa mpira, mbali na malori. Kikilia kilimani, alishuka akasukuma bila kuona haya. Akiulizwa, alijibu, "Bosi amekataa." Siku moja akakipanda kilima kile mpaka juu na bosi asiseme kitu. Alipofika kazini alijifungia chooni, akalia kidogo kwa furaha, akanawa uso, akawasha mashine.

Jumapili moja akaamua kujaribu njia ya msituni, ile inayopanda kupita kijito. Simu aliiacha mezani kwa makusudi. "Nataka kusikia ndege, sio watu wa kiwandani." Mkewe akaguna, lakini akamwachia, kwa kuwa nukta ilikuwepo.

Njia ilikuwa ya mawe matupu, baiskeli ikimtikisa mpaka meno. Penye kijito aliibeba begani, akavuka, akaendelea kupanda taratibu, na raha ilivyomjaa hakukumbuka kutazama usukani. Alikuwa amekwenda mwendo mrefu alipotaka kuona amepanda kiasi gani. Kishikio kilikuwa kitupu. Kidude kimedondoka.

Kwanza aliisikitikia zawadi ya mwanawe. Halafu akamkumbuka mkewe. Huko nyumbani nukta imesimama, na mapigo ya moyo hayasomeki!

"Mama yangu wee!" Akageuza baiskeli.

Alishuka huku akijizuia, kwani sasa hakukuwa na wa kumwonya. Karibu na kijito akasikia watu. Mkewe alikuwa amepiga magoti majanini, peku, gauni limelowa chepechepe, kidude amekikumbatia kifuani. Shemeji yake Wino, dereva wa teksi, alikuwa akipekua vichaka kwa fimbo.

"Mke wangu," Wino aliita.

Mwanamke akageuka. Alimjia, akampapasa uso, mabega, kifua, kama mtu anayekagua nguo ya mtumba kama ina tundu. Kisha akamchapa kofi la bega.

"Simu umeiacha ili usikie ndege! Haya, umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nina mke."

Shemeji akatupa fimbo, akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi nimemshusha abiria njiani nikijua nakuja kubeba maiti, kumbe nimeitwa kusikiliza mahaba!"

Hapo ndipo mkewe alipolia, na kucheka humo humo. Wino alisimama akimtazama. Miezi yote ile, kila alipopokonywa ndoo, alijiona amekuwa nusu mtu machoni pa mkewe. Na leo mwanamke huyu, anayeogopa maji hata ya kwenye beseni, kavuka kijito peku kumtafuta. Alitaka kusema mengi.

"Ahsante," alisema. Akarudia, "Ahsante sana, mwalimu."

Mkewe alijifuta uso, akakitazama kidude. Kilikuwa na mkwaruzo tu. Akaweka kidole pale mstari wa njia ulipoishia. "Huku juu kuna nini?"

"Pana uwazi. Mji wote unauona."

"Basi nipeleke. Sijaloa bure."

Shemeji alibaki miguu kijitoni, akilinda viatu. Wale wawili wakapanda kwa miguu, baiskeli katikati yao, mume akisukuma upande huu na mke ameshika tandiko upande ule. Huko juu walikaa kwenye jiwe, bega kwa bega, wakibishana paa lao ni lipi.