Jozi Moja, Mkate Mmoja

Mtaani walimwita Bibi Soli, kwa sababu kwa miaka arobaini na kitu alikuwa akishona na kubandika soli kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Zamani watu walimcheka, mwanamke kuwa fundi viatu. Walipouona mshono wake wakanyamaza. Alikuwa mtu wa utani. Ukimletea kiatu kilichoachama mbele, alikigeuzageuza na kusema, "Hiki kinacheka kuliko mwenyewe." Lakini ukimuuliza kazi alijifunzia wapi, alijibu tu kwamba ni utotoni, akainamia sindano yake.

Aliishi na binti yake aliyekuwa muuguzi, na mjukuu wa kike wa miaka kumi. Siku za mtoto huyo alizijua zote: kuamshwa mara tatu, chai, kununa kwamba soksi zinabana, shule, kazi ya nyumbani, katuni, usingizi.

Jumanne moja asubuhi simu ikaja kutoka shuleni. Muuguzi alikuwa chumba cha upasuaji, hapatikani, hivyo bibi akavua aproni akaenda mwenyewe. Alimkuta mjukuu ofisini kwa mwalimu mkuu, shati lina matone ya damu isiyo yake. Mwalimu mkuu alieleza taratibu. Watoto wawili walikuwa wamegombea kiti cha dirishani. Mjukuu akampiga mwenzake kichwani kwa chupa ya maji ya chuma, kisha akampiga tena akiwa ameshaanguka. Aliyepigwa ameshonwa nyuzi tano. Mjukuu atakaa nyumbani wiki mbili, mshauri wa shule atazungumza naye, na wazazi wa pande zote mbili wataitwa.

Bibi alisikia yote, ila maneno yaliyomkaa ni yale ya "akiwa ameshaanguka". Walipofika nyumbani aliufunga mlango wa mbele, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja, akaketi akitazamana na mjukuu wake.

"Mara ya pili ulimpigia nini?"

"Sijui, Bibi. Mkono ulienda wenyewe."

"Najua unavyokwenda," bibi alisema. Kisha akamsimulia jambo ambalo hata binti yake hakuwahi kulisikia.

Alikuwa na miaka kumi vilevile. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, shule yao imefanywa kambi ya jeshi, madawati yamekuwa kuni. Hakuna aliyewaamsha watoto, mizinga iliwaamsha. Asubuhi walipanga foleni ya maji kwenye bomba lililopasuka, na mtu akipigwa risasi, foleni ilisogea hatua moja, naye bibi alifurahi kusogea. Baba alikuwa amechukuliwa. Mama alikuwa amelala, miguu imeungua kwa bomu. Waliobaki kutafuta chakula walikuwa yeye na kaka yake wa miaka kumi na mitatu.

Bwana stoo wa kambi alitaka mabuti. Jozi moja, mkate mmoja. Kila mapigano yalipotulia, watoto waliingia kwenye makorongo nyuma ya reli kuwavua maiti. Mguu ukishavimba buti halitoki, kwa hiyo walijifunza kukata kamba na kufumua mshono wa kisigino bila kuijeruhi ngozi ya buti. Ile ya mguu haikuwahusu.

Siku hiyo kaka alishika buti la kushoto la askari aliyelala chali. Askari hakuwa amekufa. Alifumbua macho, akainua bastola, akafyatua. Risasi ilimwingia kaka chini ya kidevu, akaanguka bado ameng'ang'ania buti. Bastola ikamgeukia dada mtu. Haikulia. Yeye akaokota jiwe la reli kwa mikono miwili, akampiga askari usoni, na bastola ikamtoka. Askari akanyoosha kiganja kitupu mbele ya uso wake. Dada akampiga juu ya kiganja hicho, na tena, na tena, mpaka jiwe likawa linateleza kwa damu. Kisha akamvua mabuti yote mawili, akayatundika shingoni, akaenda kuchukua mkate. Nusu aliila njiani.

Kesho yake yeye na jirani mmoja walimzika kaka.

Mjukuu alikuwa amekunja magoti mpaka kifuani. "Si angekuua, Bibi?"

"Pigo la kwanza, sawa. Baada ya hapo bastola ilikuwa chini. Yaliyofuata yalikuwa yangu." Akavuta pumzi. "Na hakuna aliyeniita ofisini. Bwana stoo aliniona nimelowa damu hadi viwikoni, akauliza kama mabuti yametoboka. Wewe leo umeulizwa na mwalimu mkuu, na mimi pia. Twende."

Walikwenda kwa yule mtoto aliyeshonwa. Baba yake ndiye aliyefungua. Alipoelewa ni akina nani hakungoja salamu. Alimsukuma bibi kwa mkono mmoja, bibi akajigonga kwenye fremu ya mlango, mdomo ukachanika. Mjukuu alikunja ngumi akamrukia. Bibi akamdaka kifundo cha mkono, vidole vyake vya ufundi vikabana kama koleo.

"Hapana," alimwambia. "Hapa ndipo unapoacha."

Mama wa mtoto alitoka mbio, akamrudisha mumewe ndani, akamletea bibi kiti na kitambaa chenye maji. Mtoto mgonjwa akachungulia, kichwa kimefungwa bandeji. Mjukuu akaomba radhi. Mwenzake akajibu kwamba bado kinauma na kwamba hataki kukaa naye tena. Mama yake hakumkemea. Bibi naye akasema ana haki.

Muuguzi aliporudi kutoka kazini jioni, alikuta mdomo wa mama yake umevimba, akataka kujua. Bibi alimweleza yote, la shuleni na lile la kwenye korongo. Binti alisikiliza amesimama, bado amevaa sare. Bibi alipomaliza, binti hakuuliza habari za askari. Aliuliza mjomba wake alikuwa mtu wa namna gani, maana siku zote aliambiwa tu kwamba alikufa vitani.

Bibi akafikiri. Akasema alikuwa na mbio, alikuwa mwongo wa kupindukia, na aliogopa kuku. Mjukuu akacheka kwanza, halafu wote watatu.