Majani ya Isale Mezani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mkesha wa Krismasi, sisi wanawake tumekaa uani kwetu Kibosho, mlimani, tunamenya ndizi za machalari, za kupikwa na nyama. Mimi nilipunguziwa kazi ili nisome kitabu kwa sauti. Kilikuwa riwaya ya wifi yangu Neema, mke wa kaka, mtoto wa Kigoma aliyekulia kwenye mashamba ya miwa huko chini ya mlima. Alikuwa ameandika habari za watu wa mlimani, yaani sisi.

Shangazi alishanuna. "Mgeni atatuandika nini? Hata kihamba chetu na migomba yake hajakizunguka chote."

Neema aliendelea kumenya. Asubuhi alikuwa ameniambia kwamba tukikikataa kitabu chake, hatapanda tena mlimani. Nilimpenda sana wifi yangu, basi nikasoma kwa bidii.

Nikafika pale bi harusi wa kitabuni, mgeni kama yeye, anapokata majani ya isale iliyopandwa mpakani mwa kihamba na kuyapanga mezani kwa urembo. Unajua kwetu isale huletwa na aliyekosa, kuomba radhi, na ukiletewa hukatai. Baba mkwe anaingia, anayaona, anashtuka. Anakaa kutafuta kosa la mkwewe, halioni. Mwishowe anasema, "Vyovyote iwavyo, nimekusamehe." Bi harusi asiyejua lolote anamjibu, "Asante baba. Chai au mtori?"

Tulicheka mpaka ndizi zikatuponyoka. Shangazi akafuta machozi kwa kanga. "Hebu rudia hapo," akasema.

Mama peke yake hakucheka. "Mzee huyu kamsamehe asiye na kosa," akasema. "Na sisi wenye kosa?" Akainuka, akaenda mpakani, akarudi na isale, akaiweka mapajani mwa Neema.

"Mke wetu, tangu uolewe tunakuita mgeni. Naomba radhi."

Neema alilia, kisha akacheka katikati ya machozi. "Nimesamehe, Mama. Chai au mtori?"

Mwanangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nyumba yetu ilipona siku ile. Kwa hiyo kitabu cha mtu wa kuja kisome mpaka mwisho ndipo unune, kama bado utataka kununa. Mpaka wa kihamba chako wewe unaupita kila siku bila kuutazama, yeye anauona. Ukijikuta humo kitabuni, cheka kwanza.

Mungu akutunzie macho ya kusoma hadi uzeeni, na popote utakapokuwa mgeni, akukutanishe na wenyeji wanaojua kucheka.