Gasketi ya Zamani kwenye Pikipiki ya Tata Kapenda

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya mwezi wa sita, wakati wa kiangazi chetu cha baridi, vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu hapa Dilala na watu wanatoka asubuhi wamevaa makoti. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijiona fundi kamili. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona ukifunga ekzosi ya pikipiki huku unaangalia simu. Usikasirike. Mimi nilifanya vibaya zaidi.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya mzee tuliyemwita Tata Ramazani. Wazazi wake walitoka Maniema na biashara ya kusafirisha mizigo kwa malori. Yeye mwenyewe aliachana na malori, akabaki na pikipiki. Alikuwa mtu wa sala tano na maneno machache. Akikukabidhi injini, anakuachia. Hakuwa na tabia ya kusimama nyuma ya mgongo wako na kuhesabu boli zako.

Siku hiyo alikuja Tata Kapenda, mzee aliyekuwa akiishi nje kidogo ya mji, upande wa Kingamyambo. Kazi yake ya mgodini ilikuwa imekufa, akanunua pikipiki kuukuu ya Kijapani ya kubebea makaa na abiria. Ilikuwa inatoa moshi wa buluu, inakunywa oili kama maji.

"Ilunga," aliniambia, "kesho mutoto yangu Odile anaanza mutihani ya Serikali. Minataka nimupeleke mi mwenyewe. Utaimaliza leo?"

"Nitaimaliza, tata."

Unaujua mtihani ule wa kumaliza sekondari. Ukikosa siku moja, umekosa mwaka. Na wakati ule pikipiki za abiria hazikuwa zimejaa kila kona kama leo. Ukipoteza usafiri, unatembea.

Nilifungua injini, nikabadilisha ringi za pistoni, nikafunga silinda. Kazi ile niliifanya vizuri, hata leo sioni aibu nayo. Saa tisa ilikuwa imebaki ekzosi tu. Nikachokoa kwa bisibisi ile gasketi inayokaa kwenye mdomo wa injini, pale bomba linapoingia. Ni pete ndogo ya shaba, sisi tunaiita joint. Ikiwa mpya ni nene na laini. Ukikaza nati, inabonyea na kuziba kila mwanya. Ikishabonyea mara moja, imemaliza kazi yake. Hii niliyoitoa ilikuwa bapa, nyeusi, upande mmoja imeliwa.

Nikaangalia kwenye boksi la vipuri. Hamna. Duka la vipuri lilikuwa sokoni, mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi. Na saa kumi kamili kulikuwa na mechi, timu ya mtaa wetu dhidi ya vijana waliotoka Tenke, na mimi nilikuwa beki wa kulia.

Basi, mwanangu, nikafanya hivi. Nikaisugua ile pete kwa msasa mpaka ikang'aa. Nikaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili inenepe. Kisha, kwa kuwa bomba lilinichosha kulishika, nikaanza kukaza boli ya nyuma kwanza, ile inayoshikilia ekzosi karibu na gurudumu. Bomba likavutwa upande. Mbele halikukaa sawa, nami nikalilazimisha kwa spana, nati moja mpaka mwisho, halafu ya pili. Mikono yangu ilijua kwamba mambo hayako sawa. Nati ikikazika kwa kuridhika unaisikia, na zile hazikuridhika.

Tata Kapenda akaiwasha. Injini ikaunguruma vizuri, moshi wa buluu umekwisha. Lakini alipoachia mafuta, ekzosi ikatoa mlio, pa, pa, kama mtu anayekohoa.

"Ile ni nini?" akauliza.

"Ringi ni mupya, tata. Itazobelea, itazoea tu."

Akainama, akaangalia pale mbele. Alikuwa mtu wa mashine, alikuwa amefanya kazi na mashine maisha yake yote. "Umetia joint ya mupya?"

Nikamtazama usoni, nikakubali. "Njo, tata. Ya mupya."

Akanishukuru. Akanipa mkono. Nikakimbia uwanjani, na tukashinda.

Kesho yake, karibu saa sita mchana, nilimwona akija anaisukuma pikipiki peke yake. Suruali yake ilikuwa imechanika gotini. Bomba la ekzosi alikuwa amelifunga nyuma kwa kamba ya mpira kama mzigo wa kuni.

Alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwa Tata Ramazani, akamweleza kwa sauti ya chini, lakini nilisikia yote. Njiani ile sauti ya kukohoa ilizidi. Nati moja ililegea ikaanguka, kisha ya pili. Bomba likashuka mbele, likachimba barabara, pikipiki ikapinduka. Odile aliangukia upande wa ekzosi, na bomba la moto likamlalia kwenye shavu la mguu. Alipoinuka hakuuangalia mguu, alikimbia. Alikimbia mpaka kwenye kituo cha mtihani na kukuta geti limefungwa. Mlinzi alimwambia ukweli wake: amri ni amri, bahasha zimeshafunguliwa.

Tata Ramazani alichuchumaa mbele ya injini. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa injini, akatoa kile kipete, na karatasi ya sigara iliyoungua ikaanguka vipande vipande kiganjani mwake. Mafundi wengine wawili waliacha kazi, wakatazama. Akaniita.

"Ilunga, hii ni nini?"

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Ningeweza kusema duka liliniuzia gasketi mbovu. Ningeweza kusema barabara ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya. Lakini Tata Kapenda alikuwa amesimama pale, damu imekauka gotini, ananiangalia bila hasira, kama mtu anayesubiri kuelezwa kitu asichokielewa.

"Ni ile ya zamani," nilisema. "Sikubadilisha."

"Lakini mi nilikuuliza," alisema Tata Kapenda. "Nilikuuliza, mutoto yangu."

Nikaweka spana chini.

Tata Ramazani alinawa mikono, akavaa koti, akasema twende. Tulitembea sisi watatu mpaka nyumbani kwa Tata Kapenda. Odile alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mguu umefungwa bandeji ya dispensari, sare ya shule bado mwilini. Mama yake alipotuona mimi na Tata Ramazani akadhani tumekuja kutoa pole, akaingia kututafutia viti.

Ilibidi niseme nikiwa nimesimama. Nilisema kila kitu: duka, mechi, karatasi ya sigara, na lile neno nililomjibu baba yake. Mama yake alirudi na kiti mkononi, akasimama nacho hapohapo, hakukiweka chini.

Odile aliniuliza jambo moja tu. "Mulishinda?"

"Njo," nilijibu.

Akatikisa kichwa polepole, akageuka kuangalia upande mwingine. Angenipiga kofi ningelala usingizi usiku ule.

Tuliporudi, Tata Ramazani ndipo aliponisemesha. Alikuwa hapandishi sauti. "Sikiliza. Ile pete, ungekuja kuniambia haiko, tungeitafuta pamoja. Ungemwambia Kapenda nimetia ya zamani, angekwenda polepole, ao angetoka mapema zaidi. Angechagua yeye. Wewe ulimuchagulia, na hakujua kama amechaguliwa." Baada ya hatua chache akaongeza, "Kesho utaifunga tena, na yeye akiwa anaona."

Nikaifunga, Tata Kapenda amekaa kwenye ndoo mbele yangu. Nilisafisha mdomo wa injini mpaka ukawa mweupe. Nikampa gasketi mpya aishike kwanza mwenyewe. Nikaibandika kwa grisi kidogo isidondoke, nikaingiza bomba, nikafunga zile nati mbili za mbele kwa vidole, huku kidogo, kule kidogo, na boli ya nyuma nikaiacha inalegea. Mbele ilipokaa sawa ndipo nikakaza kwa spana kwa zamu, na ya nyuma ikawa ya mwisho. Tukaiwasha, nikapitisha maji ya sabuni kwenye kiungo kuona kama moshi unavuja, hakuna povu lililotoka. Tukaiacha ipoe, nikakaza tena. Alipoondoka alisema asante, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Mkono hakunipa.

Odile alirudia darasa. Mwaka uliofuata nilituma ujumbe kwamba nitaikagua pikipiki bure kabla ya mtihani. Nilisikia baadaye kwamba Odile alikataa. Siku zote za mtihani alitoka nyumbani kwa miguu kabla jua halijachomoza, na baba yake akitembea pembeni yake. Alifaulu. Leo ni mwalimu, na nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri, "Habari, Tata Ilunga." Ana alama kwenye mguu ambayo mimi huiangalia kila mara, hata nikijikataza.

Mwanangu, gasketi iliyokwisha kubonyea usiirudishe. Kama mpya haipo, pikipiki ibaki karakanani, na mwenyewe aambiwe kwa nini. Bomba lianze mbele, boli ya nyuma isubiri. Ukisikia mlio usiouelewa, usimwambie mtu injini itazoea, fungua uangalie. Hayo ni ya spana, utayajua kwa wiki moja. Gumu zaidi ni hili: mteja akikuuliza umefanya nini, mjibu kile mikono yako ilichofanya, hata kama kinakuaibisha, hata kama mechi inakusubiri. Yeye ndiye anayepanda, na nyuma yake anampakia mtu anayempenda.

Mungu akupe macho mazuri na kazi isiyokatika. Waliopanda ulichokifunga wafike wanakokwenda. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe nguvu ya kusema kabla mtu hajawasha.