Fundi Anayeonja Maji ya Mashua

Fundi wetu wa pampu hapandi mashua yetu kabla ya kuvua viatu, utadhani anaingia nyumba ya ibada. Hufunua mbao za sakafu, akalala kifudifudi, akanyanyua kwa kidole kimoja kiboya kinachowasha pampu ya kutoa maji na kusikiliza inavyonguruma. Kisha huchovya kidole hicho hicho kwenye maji yaliyotuama chini, akayaonja. Yasipokuwa na chumvi, ni mvua tu. Yakiwa na chumvi, bahari imeingia.

Juzi yalikuwa chumvi tupu. Mume wangu, aliyeketi gatini na fimbo yake, akainamisha kichwa, maana tulishakubaliana kwamba mbao zikianza kuvuja, mashua ipasuliwe kuni. “Basi, mama watoto,” akasema, “bibi harusi wangu kazeeka.” “Nani, mimi?” nikamtania, lakini hakucheka. Fundi alizipapasa mbao zote polepole, kama mtu anayempima mtoto homa, mpaka akafika kwenye mpira wa kutolea maji. Hapo akaketi kitako. “Mzee, mbao zako nzima. Kosa ni langu. Mpira huu ulitakiwa upande juu kwanza, ndipo ushuke. Mimi niliulaza, kwa hiyo pampu ikizimika bahari inarudi humo humo.” “Wewe mwenyewe, baba?” nikauliza. “Mimi mwenyewe, mama, mwezi uliopita.” Akaupandisha mpira, akaufunga, akakausha chini kwa kitambaa, akasubiri sana. Alipoingiza kidole tena, kilitoka kikavu. Akakionja hata hivyo.